Kisu, Jeni na Kifafa cha Watoto Pande Mbili za Mlima Elgon

Mgonjwa wa Bungoma au Kitale anapozidiwa, familia hutazama mashariki. Kwanza Eldoret, kisha Nairobi, na mwenye uwezo, au mwenye harambee iliyofana, hufika India. Ni wachache wanaotazama ng'ambo ya mlima. Ila sura moja kubwa ya historia ya tiba ya kifafa katika Afrika Mashariki iliandikwa huko huko ng'ambo, katika mji wa Mbale, ambao ni safari ya asubuhi moja kutoka Bungoma ukipitia Malaba na Tororo.

Hospitali ya watoto ya CURE ilifungua milango yake Mbale mwaka 2001. Daktari wake wa upasuaji wa ubongo, Mmarekani Benjamin Warf, alikuta watoto wengi wenye vichwa maji, ugonjwa ambao mara nyingi uliwapata baada ya maambukizi ya utotoni. Badala ya kuwawekea mirija ambayo huziba na kuhitaji kubadilishwa, alibuni njia ya kuyafungulia maji hayo mkondo ndani ya ubongo wenyewe. Njia hiyo ilimpa jina duniani, na mwaka 2012 ikamletea tuzo ya MacArthur. Haya yanajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba chumba kilekile cha upasuaji kilitumika pia kuwatibu watu wenye kifafa.

Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Epilepsia lilichapisha taarifa ya kundi lililoongozwa na Warren Boling, Warf akiwa mmoja wa waandishi wake. Walikuwa wamewachagua Waganda wachache waliomeza dawa miaka na miaka bila nafuu. Wakawapima umeme wa ubongo huku kamera ikiwarekodi, wakabaini kwamba kwa watu hao degedege ilianzia katika sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja, wakaiondoa sehemu hiyo. Zaidi ya nusu yao waliacha kuanguka. Watafiti walirudi baadaye kuwauliza wanaishi vipi na majirani wanawachukuliaje, na mwaka 2015 wakachapisha majibu. Swali hilo la pili lina uzito wake, kwa sababu mtu anaweza kupona degedege na bado asialikwe kula sahani moja na wenzake.

Wagonjwa wa Mbale, hata hivyo, walikuwa na kifafa cha aina iliyo rahisi zaidi kwa kisu: eneo moja lenye hitilafu, na ubongo uliobaki ukiwa salama. Mtoto aliyezaliwa na hitilafu ya jeni ni habari nyingine. Ubongo wake unaweza kuwa na vivimbe kumi, au nusu nzima iliyokua vibaya, au usionyeshe dosari yoyote katika picha huku kila chembe yake ikiwa na kasoro. Kwa muda mrefu madaktari duniani kote waliwatazama watoto hao na kusema hakuna pa kukata. Namna msimamo huo ulivyobadilika ni hadithi inayostahili kusimuliwa Kitale na Bungoma, maana watoto wa namna hiyo wapo Kiminini na wapo Kimilili, na wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Tuanze London. Tarehe 25 Mei 1886, katika hospitali ya Queen Square, Victor Horsley alifungua fuvu la kijana wa miaka 22 ambaye utotoni aligongwa na gari la farasi mjini Edinburgh. Aliondoa kovu lililokuwa juu ya ubongo. Hakukuwa na picha ya aina yoyote ya kumwongoza, kwani hata eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Alichokuwa nacho ni fundisho la John Hughlings Jackson: ukitazama kwa makini kiungo kinachoanza kutikisika, utajua ni sehemu gani ya ubongo inayowaka. Hadi leo, daktari mzuri wa kifafa huanza kwa kumuuliza mama, "Ilianzia wapi? Mkono upi? Macho yaligeukia upande gani?" Mama wa Webuye aliyerekodi degedege ya mwanawe kwa simu anampa daktari kitu ambacho Jackson angekilipia ghali.

Miaka sita kabla ya upasuaji huo, Paris, daktari Désiré-Magloire Bourneville alikuwa ameandika kuhusu msichana mwenye kifafa kikali aliyefia hospitalini Salpêtrière. Alipoupasua ubongo wake alikuta vinundu vigumu vilivyotapakaa kwenye gamba lake, akauita ugonjwa ule tuberasi sklerosisi. Jina hilo limebaki. Ugonjwa wenyewe humpata takriban mtoto 1 kati ya 6,000 wanaozaliwa, na wengi wao hupata kifafa, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka. Huacha pia alama nje ya ubongo: mabaka meupe yenye umbo la jani kwenye ngozi tangu kuzaliwa, vipele vyekundu usoni mtoto anapokua, uvimbe katika figo, na kwa wengine uvimbe wa moyo unaoweza kuonekana mtoto akiwa bado tumboni. Ngozi nyeusi hapa ina faida yake. Mabaka ambayo daktari wa Ulaya huyatafuta kwa taa maalumu, kwa mtoto wa Kitale huonekana mchana kweupe akiwa kwenye beseni la kuogea. Tatizo ni kwamba hakuna anayeyahusisha na kuanguka kwake.

Dalili ya kwanza yenyewe hudanganya. Mtoto wa miezi mitano hujikunja ghafla, mikono ikitanuka na kichwa kikiinama, mara moja, mara mbili, mara ishirini mfululizo, kisha hulia. Wengi hudhani ni tumbo linamsokota. Mwaka 1841 daktari wa Kiingereza, William James West, aliyaona hayo kwa mwanawe mwenyewe na kuyaeleza katika barua kwa jarida la Lancet, akiomba mwenye ujuzi amsaidie. Hakusaidiwa. Leo dalili hizo huitwa kwa jina lake, na iwapo chanzo chake ni tuberasi sklerosisi kuna dawa, vigabatrini, inayozizima kwa watoto wengi, ingawa yaweza kuharibu uwezo wa macho kuona pembeni. Si dawa utakayoikuta katika zahanati ya kijijini.

Wakati Ulaya na Kanada zikijifunza kuukata ubongo kwa uangalifu, Kenya ya kikoloni ilishughulika na ubongo wa Mwafrika kwa namna nyingine kabisa. Watu wenye kifafa walikuwa miongoni mwa waliofungiwa Mathari, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910 kama nyumba ya vichaa. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon alipiga debe kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni, na mwaka 1934 F. W. Vint akachapisha utafiti wa bongo za maiti kutoka hospitali za Nairobi ili kuunga mkono dai hilo. J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari, alifika mahali pa kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake. Upuuzi huo ulishakanushwa zamani. Naukumbusha kwa sababu moja: walowezi wa Trans Nzoia walipokuwa na reli iliyofika Kitale tangu 1926, na hospitali zao, vibarua wao wenye watoto wa kuanguka hawakuwa na lolote la kutegemea isipokuwa mganga na sala. Katika miaka ambayo tiba ilikuwa ikizaliwa kwingine, kwetu ubongo ulipimwa uzito.

Bara letu lenyewe, hata hivyo, lilitoa mchango mkubwa, japo kutoka nchi ya ubaguzi. Mwaka 1950 Roland Krynauw wa Johannesburg alitangaza habari za wagonjwa 12, watoto na vijana waliopooza upande mmoja tangu utotoni, ambao aliwaondolea nusu nzima ya ubongo iliyoharibika. Degedege zilikoma na hasira zao zikatulia. Upasuaji wa namna hiyo ulikuwa umewahi kufanywa Marekani kwa ajili ya saratani, na mara moja Toronto mwaka 1938 kwa ajili ya kifafa, lakini ni taarifa ya Krynauw iliyoufanya uenee ulimwenguni.

Msomaji atauliza, na ana haki: mtoto anaishije na nusu ya ubongo? Jibu ni umri. Ubongo wa mtoto mdogo bado unagawa kazi, na nusu iliyo nzima hujifunza mengi ya nusu iliyoondoka. Mtoto hutembea, akichechemea. Huongea, hasa akipasuliwa mapema. Kile ambacho mara nyingi hakirudi ni ufundi wa vidole vya mkono mmoja, na uoni wa upande mmoja. Ni gharama kubwa, ila mzazi ambaye mwanawe huanguka mara hamsini kwa siku, na ambaye amemwona akisahau maneno aliyokwisha kuyajua, huipima tofauti na sisi tunaosoma gazeti.

Kisha furaha ikaingia dosari. Miaka kadhaa baada ya kupasuliwa, baadhi ya wagonjwa walianza kudhoofika na kufa, kwa sababu damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo katika uwazi mkubwa ulioachwa ndani ya fuvu. Upasuaji huo ukakaribia kuachwa. Aliyeuokoa ni Theodore Rasmussen wa kituo cha ubongo cha Montreal, kilichoanzishwa na Wilder Penfield mwaka 1934. Aliondoa sehemu tu, akaiacha iliyobaki mahali pake ikiwa imekatiwa mawasiliano yote. Ubongo mgonjwa unabaki ndani, hai, ukiwaka peke yake, na mwili hausikii. Njia nyingi za leo zimetokana na wazo hilo.

Rasmussen huyohuyo, pamoja na Phanor Perot na Bryce Weir, ndio waliotoa mwaka 1966 taarifa ya kuwapasua wagonjwa wachache wenye tuberasi sklerosisi. Hoja yao ilikuwa ya kijasiri: ubongo una vinundu vingi, sawa, lakini huenda ni kimoja tu kinachowasha moto na vingine vimelala. Wengi hawakushawishika. Ilibidi kusubiri MRI, na vipimo bora vya umeme wa ubongo, ndipo kinundu chenye hatia kikaweza kutofautishwa na visivyo na hatia. Tangu miaka ya 1990 upasuaji huo umekuwa wa kawaida katika vituo vikubwa, na takriban nusu ya watoto au zaidi kidogo huachana na degedege.

Miaka hiyohiyo jeni za tuberasi sklerosisi zilipatikana. TSC2 mwaka 1993, katika kromosomu ya 16, na TSC1 mwaka 1997, katika kromosomu ya 9. Na hapa sayansi ilisema jambo ambalo wazee wa ukoo wangepaswa kulisikia kabla ya kikao kingine cha posa. Takriban theluthi mbili ya watoto wenye ugonjwa huu ni wa kwanza katika familia zao. Baba hana, mama hana, nyanya hana. Jeni ilibadilika mimba ilipotungwa, bila kosa la mtu. Ugonjwa wa Sturge-Weber, ule wa baka la rangi ya zambarau usoni ambao pia huharibu upande mmoja wa ubongo, haurithiwi hata kidogo: mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mabadiliko ya jeni yake hutokea katika chembe chache tu za mtoto akiwa tayari tumboni. Kwa hiyo mwanamke anayerudishwa kwao eti ameleta kifafa katika boma hana hatia hata kwa kipimo cha maabara.

Nisieleweke vibaya. Zipo familia ambazo kifafa hurithiwa kweli, na zipo jeni ambazo kisu hakizifai. Mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet, ulioelezwa na Mfaransa Charlotte Dravet mwaka 1978 na ambao chanzo chake katika jeni ya SCN1A kilijulikana mwaka 2001, ana hitilafu katika milango midogo ya umeme ya chembe za ubongo mzima. Kumkatia kipande ni kumwongezea jeraha. Zaidi ya hayo, kabamazepini, dawa ya kawaida kabisa katika hospitali zetu, huweza kumzidishia degedege. Kwa watoto wa aina hii hubaki lishe maalumu yenye mafuta mengi, dawa nyingine, au kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua na kutuma umeme kwenye neva ya shingoni, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Ndiyo maana kipimo cha jeni si anasa ya matajiri. Humwambia daktari nani apelekwe kwenye chumba cha upasuaji, na nani aepushwe nacho.

Turudi nyumbani. Kenya ilianza kupasua ubongo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Peter Clifford, ambaye taaluma yake ilikuwa masikio, pua na koo, alifanya kazi hiyo Nairobi kabla ya uhuru. Mwitaliano Renato Ruberti akafuata katika miaka ya 1960, na mwaka 1979 Gerishom Sande alirejea kutoka masomoni Belfast akiwa Mkenya wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kuwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Profesa Nimrod Mwang'ombe na wenzake waliendeleza mafunzo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mikono ilipatikana, ingawa haikutosha, na ilikuwa na ajali za barabarani na uvimbe wa kutosha kuishughulisha usiku na mchana. Kifafa kilisubiri.

Kilisubiri pia kwa sababu tiba ya kwanza, kidonge, ilikuwa bado haijawafikia watu. Fenobabitoni ilijulikana kutuliza kifafa tangu 1912, na ni ya bei nafuu. Mnorwei Louise Jilek-Aall alianza kuigawa Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwakuta watu waliotengwa vibandani. Kwetu, chama cha KAWE kilianzishwa mwaka 1982 kuwatetea wenye kifafa, na mwishoni mwa muongo huo kundi la watafiti lilikwenda Nakuru na kuonyesha, katika Lancet ya mwaka 1991, kwamba wahudumu wa kawaida wa afya wangeweza kuwatibu watu wa vijijini kwa fenobabitoni au kabamazepini na takriban nusu wakakaa miezi sita bila kuanguka. Nakuru si mbali na Kitale. Somo hilo lilichukua muda mrefu mno kupanda barabara ile.

Magharibi mwa Kenya kuna sababu nyingi za kifafa ambazo hazina uhusiano na jeni: malaria inayopanda kichwani, mtoto kuchelewa kulia anapozaliwa, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya nguruwe inayojificha ubongoni. Bungoma iliwekwa miongoni mwa kaunti za majaribio ya chanjo ya malaria iliyozinduliwa Septemba 2019, na kila mtoto anayekingwa na malaria kali anakingwa pia na kovu la ubongo. Lakini wingi wa sababu hizo umezaa uvivu fulani wa uchunguzi. Mtoto akianguka, jibu ni malaria. Akiendelea kuanguka, ni kifafa cha malaria. Na kadi hujazwa dawa ileile kila mwezi hadi anapoacha kuja. Anayepotea katika msururu huo ni yule mwenye mabaka meupe mgongoni.

Kanuni ya kimataifa iliyotangazwa mwaka 2010 ni nyepesi: mgonjwa akijaribu dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa kipimo cha kutosha, na bado anaanguka, kifafa chake kimekuwa sugu, naye apelekwe kwa wataalamu. Takriban 1 kati ya 3 hufika hapo. Na kwa watoto, ushahidi wenye nguvu zaidi haukutoka Ulaya. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya AIIMS, New Delhi, walitoa matokeo ya watoto na vijana 116 waliogawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa na wengine wakaendelea na dawa huku wakingoja zamu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya waliopasuliwa walikuwa hawaanguki. Waliobaki na dawa, asilimia 7. Thuluthi ya waliopasuliwa walipata madhara makubwa, mengi yakiwa udhaifu wa upande mmoja wa mwili uliotarajiwa tangu mwanzo. Hospitali hiyo ni ya umma, katika nchi yenye foleni kama zetu.

Mtoto wa Endebess leo ana njia, ingawa ni ndefu. Eldoret kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza kama hospitali ndogo mwaka 1917, na pembeni yake hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Hatua ngumu zaidi hutangulia Eldoret: mtu wa kwanza katika zahanati kutambua kwamba dawa mbili zimeshindwa, kumvua mtoto nguo na kuitazama ngozi yake, na kuandika barua ya rufaa badala ya kuongeza vidonge. Hatua hizo hazihitaji mashine. Magavana wa Trans Nzoia na Bungoma wanaweza kuwafundisha wahudumu wao kwa fedha zisizofikia bei ya gari moja la msafara.

Sheria, angalau, imesogea. Sheria ya zamani ya mashauri ya ndoa iliruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu ya kifafa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 iliifuta.

Kwa mzazi anayesoma haya Kitale au Bungoma: mrekodi mwanao kwa simu anapoanguka, tangu mwanzo kama unawahi. Andika majina ya dawa alizotumia na kipimo chake. Mtazame ngozi mwili mzima. Usimkatize dawa ghafla, hata kama hazimsaidii, kwa maana degedege ya mfululizo huua. Na ikiwa dawa ya pili imeshindwa, usikubali kupewa ya tatu bila kuuliza swali hili mbele ya daktari: je, mwanangu ameshafikiriwa kwa upasuaji?